Fahamu: Kapteni wa majini si kapteni wa nchi kavu

Ukiwa Malukhu, Mbale, bahari iko mbali. Hata ziwa wanakofanya kazi wanajeshi wa majini wa UPDF, jeshi la Uganda, haliko karibu. Wanajeshi hao hutumia vyeo vya nchi kavu: koplo, sajenti, luteni, kapteni, meja. Kenya nayo ni hivyo hivyo. Samson Mwathethe, aliyetokea Jeshi la Wanamaji na kuwa Mkuu wa Majeshi mwaka 2015, aliitwa Jenerali, si Admirali.

Utata huanza habari inapotoka Uingereza au Marekani. Huko kapteni wa majini ni sawa na kanali. Ndiye hukabidhiwa meli kubwa ya kivita. Kapteni wetu wa kambini analingana na luteni wao. Mwandishi asiyejua hili humshusha mtu ngazi tatu nzima, na hilo ni kosa zito.

Mabaharia wasio maofisa wana ngazi zao. Katika jeshi la Uingereza, “petty officer”, ingawa jina lina neno ofisa, hulingana na sajenti. Kwa upande wa maofisa wa majini, admirali ndiye jenerali wao.