Mbele ya kununua motokari ya umeme iliyotumika, pima moyo wake



Mwezi uliopita mzee mmoja aliyemaliza kazi aliingia katika dispanseri yetu. Nilipomwuliza shida yake, alinijibu: «Mganga, mimi niko na ugonjwa wa motokari.» Nilifikiri anacheka. Lakini nilipompima, tansio yake ilikuwa juu sana, na alikuwa halali usiku.

Habari yake ni hii. Alipopokea pesa yake ya mwisho ya kazi, alinunua motokari ya umeme iliyotumika, iliyotoka Japani. Komisioneri alimwambia: «Mzee, hii hainywi esansi, haina kelele, na inafanya kilomita 150 bila shida.» Mzee aliangalia rangi, viti, vioo, redio, mipira. Vyote vilikuwa vizuri. Alilipa siku ile ile. Baada ya wiki chache alimpakia bibi yake na mjukuu wake, wakatoka Lubumbashi kwenda Likasi kwa matanga. Kisha kilomita 70 hivi, picha ya kobe iliwaka kwenye tablo. Motokari ilianza kutembea kama kobe kweli, halafu ikasimama. Walilala barabarani.

Mzee hakuwa mjinga. Alipima motokari kama alivyozoea kupima za esansi. Sasa tutaeleza jinsi ya kupima hii ya umeme, kusudi mtu mwingine asipoteze jasho la miaka 30 kwa siku moja.

Motokari hii ni kitu gani?

Sisi watu wa migodi tunapaswa kuijua kuliko wengine. Katika motokari ya umeme kuna shaba nyingi, mara tatu au zaidi kuliko katika ile ya esansi. Na batri za motokari nyingi za namna hii zina kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka katika udongo wetu wa Katanga. Mali inatoka hapa kama mawe, na kisha miaka inaturudia kupitia bandari ya Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa, ikiwa motokari iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine.

Inayoonekana mara nyingi kati ya zile zilizotumika ni Nissan Leaf. Ilianza kuuzwa Japani na Marekani mwezi wa Desemba 2010. Ndiyo tutakayoishika kama mfano.

Haina tangi wala bomba la moshi. Chini ya sakafu, kati ya mipira ya mbele na ya nyuma, kuna sanduku kubwa la chuma. Hilo ni batri, na ndilo moyo wake. Katika Leaf za kwanza batri ina selule 192, na nguvu yake ni kilowati-saa 24. Baadaye zilitoka za 30, za 40 na za 62.

Batri inazeeka kama mtu anavyozeeka. Wazia motokari ya esansi yenye tangi la lita 40. Kila mwaka tangi linapungua lenyewe, mpaka siku moja linabeba lita 25 tu. Unajaza, mshale unaonyesha «imejaa», lakini safari ni fupi. Batri mzee iko vile vile. Itakuonyesha asilimia 100 asubuhi, lakini ile 100 ya leo si 100 ya zamani.

Kitu kinachoizeesha mbio ni joto. Batri ya Leaf hizi haina maji ya kuipoza kama moteri. Inapozwa na upepo tu. Mwaka 2012, wenye Leaf katika jimbo la joto kali la Arizona, kule Marekani, walianza kulalamika kwamba batri zao zimepungua nguvu mapema. Kwetu Lubumbashi na Kolwezi tuko juu, na joto letu si kama la Arizona. Lakini hujui motokari hii ilikaa wapi mbele ya kufika kwako. Ndiyo maana kilomita zilizoandikwa kwenye tablo hazitoshi kukuambia afya yake. Moja ya kilomita 40 000 inaweza kuwa mgonjwa kuliko nyingine ya kilomita 80 000.

Vipimo sita vya kufanya

*1. Hesabu vijiti.* Fungua kontakti, uangalie upande wa kuume wa tablo. Kando ya kipimo cha umeme kuna vijiti vidogo. Batri mpya ina 12. Kijiti cha kwanza kinapotea batri ikipungua asilimia 15 hivi. Kisha hapo kila kijiti ni kama asilimia 6. Ukikuta 9, batri imekwisha kupoteza zaidi ya robo. Ukikuta 8, imepoteza theluthi.

*2. Usiamini vijiti peke yake.* Kuna watu wenye kujua kufuta kumbukumbu ya batri kwa mashine. Vijiti vyote 12 vinarudi, lakini nguvu hairudi. Baada ya wiki chache vinaanza kuanguka tena. Ndivyo ilivyompata mzee wetu: alinunua na vijiti 12, na leo viko 8. Batri mzee yenye vijiti 12 inafaa kukutia mashaka, si furaha.

*3. Tumia telefone.* Chini ya volanti kuna prizi ndogo ya mafundi. Kuna kifaa kidogo kinachoingia pale na kuzungumza na telefone, na kwa Leaf programu inayojulikana ni LeafSpy. Itakuonyesha afya ya batri kwa asilimia, na umeme wa kila jozi ya selule. Zote zinapaswa kuwa karibu sawa. Ikiwa moja inaanguka chini sana kuliko wenzake, hasa batri inapokaribia kuisha, hiyo ni mgonjwa, nayo inawavuta wengine wote. Kama huna kifaa, tafuta kijana mwenye nacho, umlipe kazi yake. Pesa ile ni ndogo. Muuzaji akikataa usipime, ahsante, nenda nyumbani.

*4. Itembeze.* Hiki ndicho kipimo kisichodanganya. Omba ijazwe mpaka 100 mbele ya macho yako. Rudisha hesabu ya safari kwenye sifuri. Tembea kilomita 40 kwa mwendo wa kawaida, na watu ndani, na milima kidogo. Kisha angalia imekula asilimia ngapi. Kama imekula 50, batri nzima ni kilomita 80. Lakini usipange kutumia zote, acha tano moja ya akiba. Safari yako ya kweli ni kilomita 64.

Usifuate maneno ya karatasi ya kiwanda. Leaf ya kwanza iliandikiwa kilomita 200 huko Japani. Marekani walipoipima kwa njia yao walikuta 117 tu, na hiyo ilikuwa mpya kabisa. Lubumbashi mpaka Likasi ni karibu kilomita 120. Hesabu mwenyewe.

*5. Ilishe umeme.* Usinunue mbele ya kuona inapokea umeme. Angalia kwanza sanduku dogo lililo kwenye waya wake. Waya wa Japani mara nyingi umeandikwa volti 200, na umeme wa SNEL ni 220. Soma kile kilichoandikwa. Kama hakifiki 220, tafuta waya mwingine unaofaa. Usikubali waya uliokatwa na kufungwa tena kwa skochi. Iache ile umeme saa moja, kisha gusa nje ya plagi. Ikiwa ya moto, chomoa: prizi au waya ni mbaya.

Fanya tena hesabu ya nyumbani. Kwa amperi 10, batri ya 24 iliyo tupu inahitaji zaidi ya saa 11 kujaa. Katika kambi yako, umeme unakaa saa ngapi bila kukatwa? Kama ni saa nne kwa siku, motokari itakula chakula cha saa nne tu.

*6. Angalia mwili na karatasi.* Iinue, uangalie sanduku la batri kwa chini. Lililopigwa na jiwe, lililopasuka au lenye alama za maji, liache. Angalia diski za freni, sababu motokari ya umeme inatumia freni kidogo na kutu inazila. Mipira pia, kwani ni nzito, karibu kilo 1 500. Iko tena batri nyingine ndogo ya volti 12, kama ya motokari zote. Ikichoka, tablo inawaka taa za kila namna. Usikubali taa zote ziitwe «ni batri ndogo tu» mpaka ibadilishwe na taa zizimike.

Kisha soma karatasi za duane, na uone kama namba ya shasi ni moja kwenye karatasi na kwenye chuma. Volanti ya Japani iko kuume, na sisi tunatembea upande wa kuume wa barabara: kupita kamioni ni hatari, sababu huoni mbele. Uliza kwanza duane na polisi kama itaandikishwa. Mwisho uliza: ni fundi gani hapa mjini anayejua kuitengeneza? Ukikosa hata mmoja, fikiri tena.

Hatari za nyumbani

Sasa ninasema kama mtu wa dispanseri. Batri kubwa ina umeme wa volti zaidi ya 350. Huo unaua. Waya zake zina rangi ya machungwa: rangi ile maana yake usiguse. Hata motokari ikizimwa, umeme unabaki ndani kwa dakika kadhaa, na ndani ya batri yenyewe hauishi. Kwado, fundi wa kuchomelea, au kijana wako mwenye akili nyingi, wote wasifungue sanduku lile. Wengine wanataka kutoa selule kwa kuwasha nyumba wakati umeme umekatika. Bila ujuzi na vifaa, ni kuingiza moto chumbani pa watoto.

Kwa kulisha motokari nyumbani, fundi wa umeme aweke laini yake peke yake, yenye waya mnene, waya wa ardhi, na dizonkteri inayokata yenyewe mtu akipigwa. Ralonji nyembamba ya redio inayopita chini ya mlango si kwa kazi hii. Watoto wasicheze kando ya waya, na nguo zisitundikwe juu yake.

Ajali ikitokea, kumbukeni:

– Mtu amepigwa umeme: usimguse. Kata umeme kwanza. Kama haamki na hapumui, mlaze chali, sukuma katikati ya kifua kwa nguvu na mbio, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, huku mwingine akiita msaada. Usiache mpaka apumue au wauguzi wafike. Hata akiamka na kucheka, mlete hospitali, sababu moyo unaweza kusumbuka baadaye.

– Ameungua: mwagia maji safi ya baridi dakika 20. Usipake mafuta, wala dawa ya meno, wala yai.

– Batri inatoa moshi au inalia kama mvuke: toka wote, kaeni mbali, upande upepo unakotoka. Moshi ule ni sumu. Moto wa batri hii unaweza kuwaka tena kisha saa nyingi, hata siku. Waachie wazima-moto na maji yao mengi.

Basi tusinunue?

Hapana. Motokari hii haitoi moshi, haibadilishiwi mafuta ya moteri, na kwa mtu mwenye safari fupi ni rafiki mzuri. Aliye na kilomita 15 kwenda kazini na 15 kurudi, na umeme wa kutosha usiku, hata batri ya vijiti 9 inaweza kumtumikia. Anayetaka kwenda Kolwezi kila mwezi, hiyo si yake, hata ikiwa na bei ya chini namna gani. Pima safari yako kwanza, kisha pima batri, mwisho ndipo uzungumze bei. Na ile bei ihesabiwe kwa afya ya batri, si kwa mng'ao wa rangi. Siku nzima ya kupima si siku iliyopotea.

Mzee wetu anaendelea vizuri. Motokari yake anaitumia sokoni na kanisani tu, na tansio imeshuka. Alipokuja mara ya mwisho aliniambia: «Mganga, wewe huwezi kumpa mtu kazi ya shimoni kwa kuona shati lake ni safi. Unampima kifua kwanza. Mimi niliona shati tu.»

Ndugu, mbele ya kutoa pesa, pimeni kifua.