Pikipiki Kuukuu na Kipimo cha Mafuta: Nasaha kwa Familia



Ndugu wasomaji, mama mmoja wa hapa pwani ameniuliza juu ya mwanawe anayefanya kazi Nakuru. Kijana huyo amenunua Yamaha ya miaka ya 1970, pikipiki ya mwendo wa kasi yenye injini ya mipigo miwili, iliyokuwa imelala ghalani miaka mingi hadi ikaota kutu. Jioni na siku za mapumziko yake anazitumia kuifufua. Mama anataka kujua: amwamrishe aiuze, au amwache?

Swali hili si la mama mmoja. Familia nyingi zetu zina vijana Nakuru, Naivasha, Gilgil na Njoro, na mapenzi ya vyombo vya zamani yamewaingia baadhi yao. Jawabu langu ni kwamba hatari ya pikipiki ya namna hii haitokani na kasi peke yake. Sehemu kubwa hutokana na kutoijua. Imetofautiana sana na bodaboda tulizozizoea, na tofauti hiyo isipofahamika yaweza kumtupa mtu chini katikati ya barabara kuu. Basi tuifahamu kwanza, ndipo tuamue.

Injini ya bodaboda nyingi za leo ni ya mipigo minne. Pistoni hupanda na kushuka mara mbili ndipo moto uwake mara moja, na oili ya kulainisha vyuma hukaa mahali pake, chini ya injini. Katika injini ya mipigo miwili moto huwaka kila pistoni inapopanda. Haina vali za kufunguka na kufunga kama za mipigo minne. Ina matundu ubavuni mwa silinda, na pistoni yenyewe ndiyo huyaziba na kuyazibua. Kwa hiyo ni nyepesi, vyuma vyake ni vichache, na nguvu zake ni nyingi kuliko umbo lake. Lakini petroli na hewa hupitia tumboni mwa injini kabla ya kuungua, na humo hamna dimbwi la oili. Oili yake huja pamoja na petroli, ikazilainisha beringi na pistoni, kisha ikaungua na kutoka kama moshi wa samawati. Petroli isipokuwa na oili, chuma husugua chuma kikavu.

Historia yake ni ndefu. Kampuni ya Yamaha ilianza kuunda pikipiki mwaka 1955, na ya kwanza, YA-1, ilikuwa ya mipigo miwili, ikifuata mfano wa DKW ya Ujerumani. Siri ya kuzipa injini hizi nguvu za mashindano iligunduliwa zaidi na mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, Ujerumani Mashariki, aliyelichonga bomba la moshi kwa namna ya kurudisha ndani mchanganyiko uliotaka kutoroka kabla ya kuungua. Mwaka 1961 mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitoroka nchi yake akahamia Suzuki pamoja na elimu hiyo, na mwaka 1962 akaipatia kampuni hiyo ubingwa wa dunia wa pikipiki za sentimita za ujazo 50. Mwisho wa muongo huo Kawasaki ikatoa H1, yenye silinda tatu, sentimita za ujazo 500 na nguvu za farasi 60. Ilikuwa na kasi ya kutisha na breki zisizolingana nayo, hata waendeshaji wa Ulaya na Marekani wakaiita mtia wanawake eda. Mwaka 1973 ikaja Yamaha RD350, ambayo hadi leo ni kipenzi cha wafufuaji wengi duniani. Kisha sheria za kupunguza moshi zikazidi kukaza, na injini hizi zikaondoka madukani polepole.

Huku kwetu Afrika Mashariki wengi waliijua mipigo miwili kupitia pikipiki za kazi. Yamaha AG100 na Suzuki TF125 ndizo zilizowapeleka maafisa wa kilimo, wa mifugo na wa afya katika njia za tope. Zile za mwendo wa kasi zilikuwa chache, na zilizosalia ni chache zaidi. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na bodaboda za India na China zikaenea kila kona. Mafundi vijana wakakulia katika mipigo minne. Hapo ndipo penye mtego wa kwanza: fundi hodari wa bodaboda aweza kujaza tangi petroli tupu, akatia oili ya giya chini, akaamini kazi imekamilika. Injini itawaka na itakwenda, kisha itakufa njiani.

Mtego wa pili ni wa hewa, nao unatuhusu sana sisi wenye jamaa bara na pwani. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika sita. Ndani ya kabureta mna kitundu kidogo cha shaba, mafundi hukiita jeti, kinachopima petroli ya kuchanganywa na hewa. Pikipiki iliyopimwa Mombasa ikipandishwa Nakuru hupata petroli nyingi kuliko hewa: plagi huwa nyeusi, moshi hujaa, nguvu hupungua. Huo ni usumbufu tu. Balaa ni safari ya kurudi. Iliyopimwa Nakuru ikashuka pwani hupata hewa nyingi na petroli kidogo, na petroli ikipungua, oili nayo imepungua. Injini huzidi joto, pistoni huvimba ikabana ndani ya silinda, na gurudumu la nyuma husimama ghafla. Mwenye kukusudia kuja kwao likizo kwa pikipiki hiyo hana budi kubadilisha jeti na kukagua rangi ya plagi njiani. Akishindwa, aipakie kwenye lori, naye apande basi au treni. Hakuna aibu katika hilo.

Mtego wa tatu ni miteremko ya Bonde la Ufa. Barabara ya kutoka Eldoret hupita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, kisha huteremka kupitia Sachangwan na Salgaa hadi Nakuru. Ndiyo barabara iliyokwisha kutuliza mara nyingi. Mkesha wa mwaka mpya wa 2018 pekee watu zaidi ya 30 walifariki karibu na Salgaa, basi lilipogongana na lori. Dereva wa gari huambiwa atumie giya kuizuia gari mteremkoni. Mwenye pikipiki ya mipigo miwili akifanya hivyo kwa muda mrefu, akiwa amefunga mafuta kabisa, injini huzunguka kwa kasi na oili haiji, kwa sababu njia ya oili ni ileile ya petroli. Hata zile zenye pampu ya oili hupata kidogo tu, maana pampu hufuata mkono wa mafuta. Dawa yake ni kufungua mafuta kidogo kila baada ya muda mfupi, na kutegemea breki zilizo nzima. Na akisikia mlio umebadilika, au injini inalegea bila sababu, ashike klachi mara moja ili gurudumu liendelee kuzunguka, kisha aende pembeni taratibu.

Kwa hayo utaona kwa nini kazi ya kufufua ina utaratibu wake. Wengi huanza na rangi na kung'arisha vyuma, kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana. Inafaa kuanza na visivyoonekana. Sili za mpira kwenye pande mbili za mhimili wa injini hukakamaa kwa miaka, zikaingiza hewa ya wizi ndani, na matokeo ni yaleyale ya pistoni kubana. Zibadilishwe hata kama injini inawaka. Silinda ipimwe, ikiwa imelika, ichongwe upya na kutiwa pistoni kubwa kidogo pamoja na ringi zake. Breki zifunguliwe zote. Tairi nazo zina tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya zamani, hata ikiwa na meno mazuri, mpira wake umekauka na haishiki lami ya mvua. Rangi ije mwisho.

Sasa tuje nyumbani, maana chombo hiki hakiishii karakana. Kipimo cha oili hufuata maagizo ya muundaji. Kwa kipimo cha moja kwa 50, lita tano za petroli hutaka mililita 100 za oili. Kwa moja kwa 25, hutaka mililita 200. Ipimwe kwa chombo chenye alama, wala isikisiwe kwa jicho. Chombo hicho kiwe cha kazi hiyo tu, kisirudi jikoni wala kwenye dawa za watoto. Na nawausia kwa mkazo: mchanganyiko huu usitiwe kamwe katika chupa ya soda au ya sharubati. Oili huupa rangi ya kuvutia, na mtoto mwenye kiu hasomi alama. Injini nayo isiwashwe ndani ya chumba au ukumbi uliofungwa, kwani moshi wake una sumu isiyo na harufu inayoua.

Pana pia haki za mali. Kabla ya kununua, namba za injini na za fremu zilinganishwe na logibuku, na umiliki uhamishwe kwa njia ya sheria. Kuukuu isiyo na karatasi huenda ikawa mali ya mtu. Muuzaji naye abainishe kasoro anazozijua. Mwenye kuendesha awe na leseni ya pikipiki, kofia ngumu na koti linalong'aa. Na matumizi yajulikane ndani ya nyumba. Spea za vyombo hivi mara nyingi huagizwa ng'ambo, na fedha ya spea isiwe karo iliyotolewa kimyakimya.

Nikirudi kwa swali, sikumwambia mama amkataze. Kijana anayekaa jioni akipima, akisafisha na kusubiri anajifunza subira ambayo wengi wameikosa, na mkono uliojenga injini kwa miezi huwa mzito kuivunja kwa upuuzi. Zipo pia njia za kheri za kuionyesha kazi yake. Hufanyika Nairobi, katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, maonyesho ya Concours d'Elegance, ambapo magari na pikipiki, za kale na za sasa, hukaguliwa na waamuzi mchana kweupe, na familia huhudhuria.

Nilimwambia badala yake amwulize mwanawe mambo manne: oili inapimwa kwa nini na nani, sili na breki zimebadilishwa lini, karatasi ziko kwa jina la nani, na atateremka vipi kutoka Timboroa. Akijibu yote bila kusita, amwombee dua na amwache. Akibabaika hata kwa moja, funguo zikae kwa mama mpaka ajifunze.

Wabillahi tawfiq.