Hema zishang'olewa, simu zimenyamaza: Je, uende kwa mshauri nasaha?

WIKI ya kwanza hukosi watu. Kundi la WhatsApp la mazishi limejaa, mchango unasomwa kila jioni, na kuna shangazi anayejua bei ya jeneza na basi la kwenda nyumbani. Mnazika Jumamosi. Jumapili hema zinang'olewa. Jumatatu uko kwenye matatu ukirudi Nairobi, na kabla ya wiki kuisha jamaa wa kwanza ameshatoka kwenye kundi. Kwangu mimi, msiba ulianzia hapo.

Kakangu alipofariki nilirudi kazini, nikapiga stori na wenzangu, nikajiona niko sawa. Mwezi wa tatu, Gor Mahia walifunga bao nikachukua simu nimpigie, kama kawaida yetu. "Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa." Nilikaa sakafuni hadi usiku. Rafiki yangu ndiye alinipeleka kwa mshauri, karibu kwa nguvu.

Jina lenyewe, ushauri nasaha, linapotosha. Nilienda nikitarajia kuhubiriwa kama kwa wazee: jipe moyo, wewe ni mwanaume, kazi ya Mola haina makosa. Badala yake mama yule aliuliza swali moja kisha akanyamaza. Kimya kile kilinitisha kuliko maswali.

Siku ya kwanza utajaza fomu. Utaulizwa unaishi na nani, unalala vipi, unakula, unakunywa pombe kiasi gani. Utaulizwa pia kama umewahi kufikiria kujiua. Usishtuke, ni swali la kawaida, na kuulizwa hakukupandi wazo hilo kichwani. Ataeleza kuwa mnayoongea ni siri, isipokuwa maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini. Kikao huwa cha dakika 50 hivi au saa moja. Ukilia, sawa. Usipolia, sawa pia. Mimi nililia cha nne, tukiongea kuhusu viatu.

Na zile hatua tano za majonzi zinazosambazwa mitandaoni? Daktari Elisabeth Kübler-Ross aliziandika mwaka wa 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa wenyewe. Si ngazi ya kupanda moja baada ya nyingine. Watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza mwaka wa 1999 jambo ninalolitambua zaidi: mfiwa huyumba, leo yuko kwenye uchungu, kesho anashughulikia kodi ya nyumba. Kwa hivyo ukicheka kwenye harusi wiki mbili baada ya mazishi, hujamsaliti marehemu.

Shirika la Afya Duniani hutambua majonzi ya muda mrefu kama tatizo la kiafya pale uchungu unapobaki mkali kwa zaidi ya miezi sita na kukuzuia kuishi. Lakini nani alisema usubiri miezi sita? Ukishindwa kulala au kuamka kwenda kazini, nenda.

Pesa je? Ukiwa chuoni, anza na ofisi ya ushauri nasaha pale pale. Vyuo vingi vinayo, na wanafunzi wengi humaliza kozi bila kujua mlango uko wapi. Hospitali kubwa za umma pia zina washauri. Shirika la Msalaba Mwekundu lina nambari ya bure, 1199. Ukienda kwa mshauri wa kibinafsi, muulize kama amesajiliwa, kwa kuwa sheria ya mwaka 2014 inamtaka asajiliwe. Usione haya kuuliza. Na kama hamwelewani, badilisha. Si ndoa hiyo.

Mamangu hakupenda. "Unaenda kumwambia mgeni mambo ya nyumba yetu, tena unamlipa?" Sikumjibu, maana naye alikuwa amempoteza mtoto, na kila nikimpigia alikuwa akiniambia yuko sawa kwa sauti ile ile niliyokuwa nikitumia kazini.

Mwezi uliopita tulikuwa Siaya, tunachambua mboga. Akauliza bila kuniangalia, kama anayeulizia bei ya nyanya:

"Huyo mtu wako wa Nairobi, huwa anaongea Kijaluo?"