Kidonda kisichopona: Jua tofauti za saratani ya ngozi

MSOMAJI, huenda una kidonda mguuni ambacho umekizoea. Umekiosha kwa maji ya chumvi, umekipaka spiriti, hata umepasua kapsuli na kukinyunyizia unga wake. Kinafunga wiki hii, wiki ijayo kinafunguka. Kabla hujanunua kapsuli nyingine, soma haya.

Wengi huamini kuwa saratani ya ngozi ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli kwamba rangi nyeusi hutukinga sana na jua, lakini haizuii kila kitu. Mbali na ile inayotokana na seli za rangi, kuna aina mbili kuu, na yafaa uzitofautishe.

Ya kwanza huitwa kasinoma ya basali. Huanzia katika tabaka la chini la ngozi ya nje, na ndiyo huwapata Wazungu zaidi. Hutokea kama kipele kinachong'aa, hasa puani au karibu na jicho. Kwa mtu mweusi, kipele hicho mara nyingi huwa cheusi, hivyo hudhaniwa kuwa alama ya kawaida tu. Kwa kawaida hakiumi. Baadaye katikati hubonyea na kuwa kidonda, kingo zikiwa zimeinuka kama za sahani. Hutoa damu kidogo, hufanya kigaga, kigaga hubanduka, na mambo huanza upya. Hukua polepole kwa miaka, na ni nadra sana kusambaa mwilini. Hata hivyo, usiidharau. Ikiachwa, hula pua au ukope hadi kwenye mfupa.

Ya pili ni kasinoma ya skwamasi, inayotokana na seli bapa zilizo juu ya tabaka hilo. Hii ndiyo hutupata zaidi sisi Waafrika, na ndiyo hatari zaidi. Huwa ngumu ukiigusa, yenye magamba au mfano wa chunjua kubwa. Kingo zake hunenepa na kupinduka nje. Hutoa damu upesi na huweza kunuka. Hukua kwa wiki au miezi, kisha huweza kusafiri hadi kwenye tezi: za kinena ikiwa kidonda kiko mguuni, au za shingo ikiwa kiko mdomoni au sikioni.

Je, huanzia wapi? Kwa ngozi nyeusi, si lazima iwe mahali panapopigwa na jua. Mara nyingi huanzia katika kovu la moto au kidonda cha miaka mingi. Daktari Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin alieleza vidonda vinavyoota kwenye makovu mwaka wa 1828, na mpaka leo huitwa kwa jina lake. Mtu aliyeungua kwa mafuta ya taa utotoni anaweza kuona kovu likipasuka akiwa na miaka 40.

Wenye ualbino hawana kinga ya rangi, na wengi huipata wakiwa bado vijana, hasa usoni, masikioni na shingoni. Wavae kofia pana na mikono mirefu, wapake mafuta ya kukinga jua ya namba 30 au zaidi, na waepuke jua la saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Nao wanaoishi na virusi vya ukimwi wasipuuze kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho.

Kuangalia kwa macho hakutoshi. Daktari hutia ganzi, hukata kipande kidogo ukingoni mwa kidonda, nacho hupimwa maabara kwa hadubini. Wapo wanaoogopa kwamba kukatwa kipande "kunaamsha" saratani. Si kweli. Kinachoipa nguvu ni kukawia.

Ikigunduliwa mapema, aina zote mbili hutibiwa kwa upasuaji mdogo, na mara nyingi mgonjwa hupona kabisa. Ikichelewa, ile ya skwamasi huweza kumgharimu mtu mguu, au uhai.

Basi kidonda kikikaa zaidi ya wiki nne bila kupona, au kovu la zamani likianza kuvimba, kutoa damu au kunuka, nenda hospitali. Ukipewa vidonge tena bila kipimo, uliza: "Daktari, mbona hatujakata kipande kikapimwe?" Una haki ya kuuliza.