Aliandika kuhusu usonji 1925, wengi wakamsoma 1996

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kuelewana na mfuko wa mama. Kati ya machache niliyotoka nayo ni maneno ya lekchara mmoja: "Utafiti usiotajwa na watafiti wengine ni karatasi ya kufungia njugu." Darasa zima lilicheka.

Mwaka jana maneno hayo yalinirudia. Mpwa wangu ana miaka 5. Hasemi sana, hupanga vifuniko vya soda kwa mstari siku nzima, na ukisogeza kimoja tu, ni kilio. Shosho alisema atabadilika akikua. Jirani akasema amerogwa. Mimi nikashika simu, nikaingia Google Scholar kusaka habari za usonji.

Manze, huko kila utafiti una nambari chini yake: umetajwa na wangapi. Nikafanya venye wengi hufanya. Zenye maelfu nikafungua, zenye tatu au nne nikaruka.

Nambari hizo si mchezo. Tangu Mmarekani Eugene Garfield atoe faharasa yake ya nani kamtaja nani, mwaka wa 1964, kutajwa kumekuwa kama pesa kwa wasomi. Hata majarida hupewa alama: unahesabu mara ambazo makala zake za miaka 2 iliyopita zimetajwa mwaka huu, kisha unagawanya kwa idadi ya makala hizo. Ukichapisha kwenye jarida la alama ya juu, kupanda cheo chuoni kunakuwa rahisi.

Sasa sikia stori ya Grunya Sukhareva, daktari wa akili za watoto huko Moscow. Mwaka wa 1925 alichapisha kwa Kirusi maelezo ya wavulana 6, na 1926 yakatoka kwa Kijerumani. Ukiyasoma leo, unaona usonji wazi. Lakini jina lilimwendea Leo Kanner, aliyeandika kwa Kiingereza kuhusu watoto 11 akiwa Marekani, 1943. Hans Asperger wa Vienna naye aliandika kwa Kijerumani 1944, na Waingereza wengi hawakumjua hadi Lorna Wing alipomweleza 1981. Sukhareva alisubiri hadi 1996, Sula Wolff alipotafsiri kazi yake kwa Kiingereza. Wakati huo mama wa watu alikuwa amefariki miaka 15 iliyopita.

Wavulana ni wale wale 6. Kilichoongezeka ni wasomaji wa Kiingereza.

Tena kutajwa sana si kusema ukweli. 1998, Andrew Wakefield na wenzake walichapisha kwenye The Lancet makala kuhusu watoto 12, iliyozua hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela huleta usonji. Jarida liliifuta 2010. Imetajwa mara nyingi ajabu, na wengi wanaitaja kuipinga. Kwa hesabu, anayekusifu na anayekukosoa wote ni moja moja.

Halafu elimu ya watoto wenye mahitaji maalum ni uwanja mdogo. Anayeandika kuhusu saratani ana jeshi la watafiti wa kumtaja. Huku wanaotumia utafiti zaidi ni walimu, na mwalimu wa darasani hana muda wa kuandika kwenye majarida. Taasisi ya KISE, pale Kasarani, imefunza walimu wa elimu maalum tangu 1986. Mmoja wao akitumia utafiti kumfunza mtoto kujivalisha viatu, hakuna mahali panapohesabiwa.

Kwa hivyo ukisaka kwa simu kama mimi, usiishie kwenye nambari. Angalia watoto walikuwa wangapi, walitoka wapi, na kama makala iliwahi kufutwa. Na zile zenye nambari ndogo, fungua pia.

Mpwa wangu tulimpeleka kwa kituo cha tathmini. Mwalimu wa pale akatupa kadi za picha: maji, choo, kulala. Wiki ya tatu mtoto akamletea mamake kadi ya maji. Dada alilia.

Nilimuuliza mwalimu mbinu hiyo ilitoka wapi. "Tulifunzwa tu," akasema.

Aliyeitafiti, popote alipo, siku hiyo hakuongezewa hata nambari moja.