WATOTO WA NGURUWE: HESABU WALIO HAI, SI WALIOZALIWA

Mkulima afugaye nguruwe hapati fedha kwa watoto waliozaliwa. Hupata fedha kwa watoto walioachishwa ziwa wakiwa wazima. Hata katika mabanda mazuri ni jambo la kawaida kupoteza mtoto mmoja au wawili katika kila kumi kabla ya kuachishwa, na wengi wao hufa katika siku tatu za kwanza. Mama amelishwa siku 114 za mimba, na gharama ya chakula hicho hairudi.

Watu wengi husema ni bahati mbaya. Lakini sehemu ya hasara hiyo imo katika damu ya wazazi, na mkulima aweza kuipunguza wakati anapochagua nguruwe wa kuzalisha.

Kwa nini hufa

Mtoto wa nguruwe huzaliwa na mafuta machache sana mwilini. Akipatwa na baridi hulegea, na akilegea hawezi kushindana na wenzake kwenye chuchu. Asiponyonya maziwa ya kwanza, yaani dang'a, hukosa kinga ya magonjwa, maana kinga hiyo haipiti kwake akiwa tumboni. Tena matumbo yake huweza kuipokea kwa muda wa siku moja hivi tu. Mtoto aliyelegea ndiye pia anayelaliwa na mama yake. Mwenye uzito wa chini ya kilo moja yumo katika hatari kubwa zaidi.

Kazi ya damu

Kila mtoto hupata nusu ya urithi kwa baba na nusu kwa mama. Humo hutoka nguvu zake mwenyewe, na pia kasoro kama ngiri na miguu ya nyuma inayotawanyika. Lakini mama huingia mara ya pili: nafasi iliyo tumboni mwake, wingi wa maziwa, idadi ya chuchu, na utulivu wake anapolala. Mambo hayo yote yana sehemu ya urithi.

Hata hivyo sehemu hiyo si kubwa. Katika tofauti za kufa na kupona kwa watoto, inayotokana na urithi mara nyingi haifiki 10 katika 100. Nyingine hutokana na banda, chakula, joto na magonjwa. Basi mbegu bora haitaokoa watoto katika banda lenye maji na upepo. Siku za kwanza wanahitaji joto la digrii 32 hivi, nyasi kavu, na boriti kando ya ukuta ili mama asiwabane.

Somo kutoka Denmark

Mwaka 1992 wafugaji wa Denmark walianza kuchagua nguruwe kwa wingi wa watoto wanaozaliwa. Watoto waliongezeka kweli, lakini vifo navyo viliongezeka, kwa sababu tumbo lililojaa hutoa watoto wadogo. Mwaka 2004 wakabadili hesabu: wakaanza kuchagua kwa idadi ya watoto walio hai siku ya tano. Mkulima mwenye majike mawili aweza kuitumia hesabu hiyo hiyo.

Tuseme jike wa kwanza amezaa 14, na siku ya tano wako 9. Wa pili amezaa 11, na wako 10. Majirani watamsifu wa kwanza. Wewe chagua mabinti wa yule wa pili, ikiwa ameonyesha hivyo kwa mizao miwili au mitatu. Mzao mmoja hautoshi, maana huenda usiku ule ulikuwa wa baridi.

Hatari ya dume mmoja

Katika skimu nyingi dume mmoja hutumiwa na mashamba kadhaa. Mabinti wake wa kwanza huzaliwa baada ya miezi minne hivi, nao hufaa kupandwa wakiwa na miezi minane. Kwa hiyo mwaka mmoja tu ukipita, dume huyo aweza kuwapanda watoto wake mwenyewe. Damu zikikaribiana hivyo, watoto hupungua na walio dhaifu huongezeka. Kinyume chake, jike wa mchanganyiko wa Large White na Landrace kwa desturi hulea watoto wengi zaidi kuliko jike wa mbegu moja.

Mambo ya kufanya

1. Andika katika daftari kila mzao: tarehe, baba, waliozaliwa, walio hai siku ya tano, na walioachishwa. Ukihamishia mtoto kwa mama mwingine, andika hilo pia.

2. Chagua jike mwenye chuchu nzima zisizopungua 12, aliyetoka kwa mama mtulivu.

3. Usizalishe kutoka katika mzao wenye ngiri au miguu inayotawanyika. Wanenepeshe, uuze.

4. Badilisha dume kabla mabinti wake hawajafika umri wa kupandwa. Wakulima wa jirani wakipatana, gharama itakuwa ndogo.

5. Kabla ya kuleta dume mgeni, mwone Afisa wa Mifugo kwa kibali na kwa habari za homa ya nguruwe. Mbegu nzuri inayoleta ugonjwa ni hasara tupu.

Anza na mzao ujao. Bila daftari, mwaka ujao utachagua tena kwa kukisia.