Mbuni, Buni na Kahawa: Maneno na Kazi ya Mkulima wa Mbulu

Yako maneno matatu ya Kiswahili ambayo watu huyachanganya. Mbuni ni mti, nao wingi wake ni mibuni. Msomaji asiudhanie kuwa ndege yule mkubwa asiyeruka. Buni ni tunda na punje zake, nalo neno hili asili yake ni Kiarabu. Kahawa, neno la Kiarabu vilevile, kwanza ni kinywaji. Siku hizi vyote vitatu huitwa kahawa, na mezani haidhuru. Kwa mkulima yadhuru, maana kila hatua ya kazi ina jina lake, na kila jina lina bei yake.

Twachukua mfano wa nyanda za juu za Mbulu. Upande wa Karatu na Oldeani, ambao zamani ulikuwa sehemu ya wilaya hii, walowezi wa Kijerumani walianzisha mashamba makubwa kati ya vita vikuu viwili. Mkulima mdogo ana mibuni michache tu karibu na nyumba. Walakini anao urithi mwema: Wairaqw tangu kale ni watu wa ng'ombe na jembe pamoja, wazoefu wa kutia samadi mashambani, na mbuni hupenda samadi.

Mti huanza kuzaa yapata mwaka wa 3. Tangu ua jeupe hata tunda jekundu hupita miezi 7 hadi 9. Maadui wake wakubwa ni maradhi mawili: chulebuni, iozeshayo matunda mabichi, na kutu ya majani.

Buni huchumwa kwa mkono, zile nyekundu tu. Nazo haziivi pamoja, hivyo mchumaji huurudia mti ule ule mara nyingi. Siku iyo hiyo humenywa kwa mashine ya mkono, ganda la nje likatoka. Punje zilizobaki zina utelezi, na hapo ndipo huvundikwa, neno lile lile tulitumialo kwa ndizi. Hukaa chomboni saa 12 hata 36. Penye baridi, kama Mbulu, huchelewa. Mkulima hutia mkono akazisugua: zikiteleza, bado, zikikwaruza kama changarawe, ni tayari kuoshwa. Akizisahau, huharibika, na punje chache za namna hiyo hutosha kutia ladha mbaya katika gunia zima. Lugha yenyewe yatuonya, kwa kuwa kuvundika na uvundo ni maneno ya shina moja.

Zikiisha kuoshwa, na zile zinazoelea kutolewa, punje huanikwa juu ya vichanja, zikigeuzwa mara kwa mara, na kufunikwa mvua ijapo. Baada ya wiki moja au mbili unyevu hushuka hata asilimia 12 hivi. Sasa punje imevaa ganda la ndani tu, jembamba kama karatasi. Hutiwa katika magunia safi, yakawekwa juu ya mbao, mbali na mafuta ya taa na vitunguu, kwa maana hunyonya kila harufu.

Asiyemenya huanika tunda zima. Kenya huliita mbuni, jina la mti likihamia kwenye zao. Kagera huliita maganda. Kwa buni za arabika njia hii ni nyepesi, lakini kwa kawaida bei yake ni ndogo.

Mwisho ni kiwandani, kama vile Moshi, ambako ganda la ndani hukobolewa na punje kuchaguliwa kwa ukubwa wake. Hapo huitwa kahawa safi, nayo hufungwa katika magunia ya kilo 60. Kwa kilo 1 ya kahawa safi zahitajiwa kilo 5 au 6 za buni mbivu. Basi mkulima atajiwapo bei, na aulize kwanza: ni bei ya buni mbivu, ya punje zenye ganda, au ya kahawa safi? Asipouliza, aweza kuufananisha uzito usiofanana, akadhani amepata, kumbe amepunjwa.